Kipande cha Ngozi ya Tadej

Pu! Kizibo kilichomoka kwenye chupa, jikoni, nyumba nzima ikiwa bado gizani. Ilikuwa sauti ndogo isiyoweza kumwamsha mtoto, lakini Jerneja alifumbua macho papo hapo. Mama mkwe wake alikuwa na kabati zima la chupa, na moja tu ndiyo iliyogoma namna ile kabla ya kufunguka: chupa ya gundi ya nyuki, ile wanayozibia mzinga, iliyolowekwa kwenye pombe kali ya matunda tangu Kwaresima. Jerneja alipapasa upande wa pili wa kitanda. Mumewe hakuwapo. Aliruka chini, miguu mitupu kwenye mbao baridi, akateremka ngazi mbilimbili.

Taa ya juu ya jiko ilikuwa inawaka. Tadej alisimama na kaptula ya kulalia, mguu wa kushoto ameupandisha kwenye kiti kama farasi anayepigiliwa chuma cha kwato. Nyuma yake mama yake, bibi Zofka, alikuwa amepiga magoti, pamba mkononi, anapaka. Jikoni kote kulinuka nyuki na pombe.

"Mama!"

"Taratibu, utamwamsha Lučka."

"Karatasi ya kliniki imesemaje? Ngozi isipakwe kitu. Si mafuta, si dawa, si chochote. Nimekusomea jana hapahapa mezani, mara mbili!"

"Umenisomea, nikasikia," bibi Zofka alisema bila kugeuka. "Lakini mwanangu haendi kwa madaktari wakubwa wa Ljubljana na mguu mchafu. Watasema hana mama."

Doa lilikuwa nyuma ya goti. Siku lilipotokea lilikuwa jekundu, duara, dogo kama kisahani cha kikombe, katikati peupe kidogo. Sasa lilikuwa kubwa kuliko sahani ya supu, na katikati yake palikuwa kahawia, pamepasuka, pana vipele, kwa sababu bibi Zofka alikuwa amelipaka siku kumi na mbili mfululizo. Katika nyumba ile gundi ya nyuki ilitibu jino, koo, kwato ya mbuzi na moyo uliovunjika. Daktari wa mjini alipouona mguu alinusa kwanza, kisha akasema: mzio, mama amekuunguza na dawa zake za nyuki. Wakampima damu kutafuta ugonjwa wa kupe, damu haikuonyesha kitu. Lakini Tadej, mkata miti wa miaka thelathini na minne, mtu aliyezoea kubeba msumeno wa mashine mlima mzima huku akipiga mluzi, sasa alipanda ngazi za nyumba yake akisimama katikati kupumzika. Kichwa kilimuuma. Mabega yalimuuma. Usiku shuka lililowa.

"Daktari akikuuliza kama umepaka kitu, utasema nini?" Jerneja alimuuliza.

"Nitasema sijapaka."

"Utamdanganya daktari?"

"Sasa unataka nimwambie nini, mke wangu? Kwamba dume zima linapakwa na mama yake alfajiri kama kitoto cha kunyonya?"

"Nani kitoto?" bibi Zofka alisema, akizungusha kizibo kurudi mahali pake. "Vaa suruali, kahawa inachemka."

*

Daktari Furlan, wa kliniki ya Ljubljana, alikuwa mwanamke mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alimlaza Tadej kifudifudi, akawasha taa, akainama. Jerneja alikaa kwenye kiti cha pembeni, suruali ya mumewe imekunjwa mapajani pake.

"Lina muda gani?"

"Wiki tatu hivi."

"Kupe ulimwona?"

Tadej alicheka kwa pua. "Daktari, mimi nakata miti. Tunang'oa kupe kama wewe unavyong'oa uzi kwenye koti. Nani anahesabu?"

"Kuna kitu umepaka hapa?"

"Hapana."

Daktari alisogeza taa karibu. Aliinama zaidi, na Jerneja akaona pua yake ikicheza.

"Hata leo?"

"Hata leo."

Masikio ya Tadej yalikuwa mekundu kuliko doa. Jerneja aliibana ile suruali. Alijua vizuri kwa nini walikuwa pale. Daktari huyu angekata kipande cha ngozi, na kipande kingeoteshwa maabara, kama mbegu, hadi mdudu mdogo mno anayebebwa na kupe, borelia, aote mwenyewe na kuonekana. Damu inaweza kunyamaza wiki za mwanzo, lakini mdudu akiota hakuna wa kubisha, si daktari wa mjini, si Mlakar, bosi wa Tadej. Asipoota, itaandikwa mzio. Jerneja akisema, mumewe ataaibika. Akinyamaza, daktari huenda akakata palepale palipolowa gundi.

"Amepakwa gundi ya nyuki," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Siku kumi na mbili. Na leo alfajiri."

Tadej aliufukia uso kwenye mto.

Vidole vya daktari vilichapa kwenye kompyuta. Ikaandikwa. "Ahsante, mama. Umeniokoa. Ningekata hapa katikati. Sasa nitakata huku ukingoni, wekundu ulikozidi kutanuka na pamba haikufika."

"Lakini gundi si itakuwa imemuua huyo mdudu?"

"Yeye anakaa ndani ya ngozi, gundi iko juu zaidi. Huenda haikumfikia. Lakini siahidi. Hata mguu ambao haujaguswa na bibi yeyote, wakati mwingine hauoti kitu. Dawa ataanza leo leo, hatungojei. Ninachongojea ni jina la ugonjwa."

Sindano ya ganzi. Kisha kifaa kama kalamu chenye mdomo wa duara, kikazungushwa kidogo, na kikatoka na kipande kisichozidi punje ya dengu. Kushona ilikuwa uzi mmoja tu. Mlango ukafunguka, akaingia fundi wa maabara, mwanamke mnene mwenye viatu vya mpira vya rangi ya machungwa, kifuani imeandikwa Mira. Mkononi alikuwa na kichupa chembamba cha maji ya rangi ya waridi iliyopauka. Punje ya Tadej ikadumbukia humo.

"Basi hapa ndipo nyumbani kwa huyo mdudu," Mira alisema. "Joto la nyuzi thelathini na tatu, chakula anachokipenda, giza. Kila wiki nitachota tone nimtazame. Wiki tisa."

"Tisa!" Tadej aliinua kichwa.

"Paka hubeba mimba wiki tisa na sijamsikia akilalamika."

Daktari alicheka. Jerneja naye alicheka, kidogo, kisha akauona uso wa mumewe na akaacha.

*

Gari lilikuwa limeshaupita mji wa Ribnica, njiani kurudi nyumbani. Jerneja ndiye aliyekuwa anaendesha.

"Umenivua nguo mbele ya watu," Tadej alisema.

"Nguo ulikuwa umeshavua mwenyewe. Mimi nilizishika tu."

"Usinichekeshe, Jerneja. Imeandikwa sasa. Gundi ya nyuki. Unajua barua inakwenda wapi? Kwa daktari wa kampuni. Na kinachoingia kwa daktari wa kampuni kinamfikia Mlakar kabla kahawa haijapoa."

"Kwa hiyo ningenyamaza wakate ngozi iliyokufa?"

Tadej aligeukia dirisha. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, na miti ikampita machoni, misonobari iliyokauka kwa sababu ya mbawakawa wa magome, ile ile aliyopaswa kuwa anaikata.

*

Mlakar alikuja Jumamosi, kahawa ya pili ikiwa mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wakata miti kumi na wawili, mashine mbili za mkopo, na tabia ya kuvua kofia akiingia nyumbani kwa watu. Aliivua. Aliikalia. Kisha akatoa mfukoni chupa ya asali iliyoliwa nusu, akaiweka katikati ya meza.

"Mama Zofka, usinifikirie vibaya. Mke wangu ana ngozi nyepesi. Tangu asikie habari za mguu wa Tadej, amesema tusijaribu bahati."

Lučka, binti yao, aliyekuwa chini ya meza anampikia mwanasesere wake, alichungulia.

"Asali haina shida yoyote," Jerneja alisema.

"Sisemi ina shida. Nasema mke wangu."

Bibi Zofka aliichukua ile chupa. Aliifuta kwa aproni, shingo, tumbo, kitako, polepole mno, akaipandisha kwenye rafu na kugeuza karatasi yenye jina lake ikatazama ukutani. Miaka kumi na tisa akina Mlakar walikuwa wakila asali yake.

"Tadej, tuongee kama wanaume," Mlakar alisema. "Mkataba wako unaisha mwisho wa Julai. Mimi nataka kukupa mwingine. Sina mkata miti kama wewe kwenye miteremko, nakuambia mbele ya mama yako. Lakini ukisema ugonjwa umeupata kazini, hao wa bima watanishukia, wakaguzi watakuja, kampuni kubwa inayonipa msitu itauliza maswali. Ukisema ni mzio wa nyumbani, umepona, unarudi, yamekwisha." Alitandaza karatasi. "Saini tu hapa."

"Na mshahara wa siku nilizolala?"

"Utapunguzwa kidogo. Kama mgonjwa yeyote."

"Lakini ni kupe," Jerneja alisema. "Kutoka msitu wako."

"Nani amemwona huyo kupe, Jerneja?" Mlakar alisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Alitoa daftari la kupe, lile linaloning'inia kwa kamba ndani ya gari la kazi, ambamo kila anayeumwa na kupe anapaswa kuandika siku, mahali na sehemu ya mwili. "Nimelileta ili tusibishane. Mei. Tadej, hakuna. Juni. Tadej, hakuna. Miaka mitatu yote, hakuna."

Jerneja alilivuta daftari. Ni kweli, kurasa zilikuwa tupu. Mwezi Mei palikuwa na jina moja tu, la Anže, kijana mpya: kupe mmoja, kwapani. Chini yake mtu alikuwa amechora kwa kalamu ya risasi bibi harusi mwenye shela na ndevu, ameshika shada la maua.

"Hii nini?"

"Ah, utani wa vijana," Mlakar alisema. "Anayeandika kupe wanamwita bibi harusi. Nimewakataza, hawasikii."

"Nani aliyechora?"

Mlakar alitazama mikono yake. Tadej alitazama dirisha. Jerneja aliujua mchoro ule. Mistari ile ile, zile ndevu za kukwaruza, zilikuwa kwenye kadi za siku ya kuzaliwa za Lučka.

"Tadej?"

"Yalikuwa masihara," mumewe alisema.

Mlakar aliacha karatasi mezani, akapewa kofia yake iliyopondeka. "Hadi Ijumaa ya mwisho ya Julai," alisema mlangoni. "Sikuharakishi."

*

Wiki ya kwanza haikuwa na la kungojea. Wiki ya pili Jerneja alipiga simu maabara wakati wa mapumziko, amesimama kwenye ghala la viazi la shule ya chekechea alikokuwa mpishi.

"Bado," Mira alisema. "Nimeona giza na vumbi la ngozi."

Wiki ya tatu: "Bado, mama. Usikate tamaa mapema, ana maringo huyu."

Tadej alimaliza dawa. Dawa zile hazikupenda jua, kwa hiyo alikaa kwenye kivuli cha kibanda cha mizinga ya mama yake na shati la mikono mirefu, mwezi Julai, akinoa visu ambavyo havikuwa butu. Usiku jasho lilipungua. Kichwa kilitulia. Lakini ngazi bado alipanda kwa awamu mbili, na kila gari la kazi lilipopita barabarani, wenzake wakapiga honi, aliinua mkono na kuushusha haraka, kama aliyesalimiwa kwa makosa. Bibi Zofka hakuigusa tena chupa ya gundi. Alipika uji wa ngano nyeusi na mafuta ya nguruwe, akamwekea mwanawe mbele, akasogea. Yeye na Jerneja waliongea habari za chumvi na za kuanika nguo.

Siku moja Jerneja alikuwa anapakua supu dirishani, watoto wamejipanga na bakuli. Mwalimu mmoja alimwambia mwenzake, si kwa kunong'ona hasa, "Kulala kivulini miezi miwili kwa ajili ya chunusi ya nyuki! Na mimi nitafute mama mkwe wa aina hiyo." Wakacheka. Jerneja aliendelea kupakua. Mtoto wa mbele alimwambia, "Mama mpishi, umenijazia hadi inamwagika."

Wiki ya nne: "Bado."

"Mira, niambie ukweli. Ni ile gundi?"

"Sijui, mama. Ningejua ningekuambia. Ninachojua ni kwamba wengine niliwaona wiki ya pili, na wengine wiki ya saba nilipokuwa nimeshachoka nao."

*

Ijumaa ya mwisho ya Julai Tadej alinyoa ndevu. Jerneja alipoiona shingo ile safi alielewa, akazima jiko.

"Unakwenda kusaini."

"Wiki ya sita, Jerneja. Hakujaota kitu. Nitakula maringo ya mdudu?"

"Zimebaki tatu."

"Mkataba hauna tatu. Una leo." Alikaa mezani, akaivuta karatasi, akatafuta kalamu. "Nani ataniajiri na mabega haya? Angalau Mlakar ananijua nilivyokuwa."

"Soma kwanza unachosaini. Soma kwa sauti."

"Usinifanye mwanafunzi."

"Basi nitasoma mimi." Aliichukua, na hasira ikamsaidia kushika mistari. "'Ninathibitisha kwamba maradhi yangu yalisababishwa na vitu nilivyopakwa nyumbani na mwanafamilia.' Mwanafamilia, Tadej. Ni nani huyo?"

Bibi Zofka alikuwa mlangoni, beseni la maharage mabichi kiunoni. Hawakujua amesimama kwa muda gani. Aliliweka beseni chini.

"Andika," alisema. "Andika ni mimi. Mwanafamilia hana jina? Andika Zofka. Mimi ni mzee, aibu itanikaa miaka mingapi? Wewe una mtoto."

"Mama, nyamaza."

"Sinyamazi. Mguu niliupaka mimi. Daktari wa mjini kasema nimekuunguza, huenda nimekuunguza kweli. Na huyo mdudu wao kama nimemuua, nimemuua. Ulipokuwa mdogo ulikanyaga msumari, nilikupaka. Baba yako alipokatwa na shoka, nilimpaka, akapona. Sasa nimepaka, nimeharibu. Saini, mwanangu, urudi kazini."

Hakulia. Alisimama wima, mikono imeshika aproni, kama anayesubiri kupigwa picha. Jerneja, ambaye wiki sita alikuwa amemnunia, alivuta kiti na kukisukuma nyuma ya magoti yake, naye akakaa bila kujua kwamba amekaa.

Tadej aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaigeuza karatasi upande wa nyuma, mweupe, na akaanza kuandika. Hakuwa mtu wa kuandika. Ulimi ulitokeza pembeni mwa mdomo.

"Unaandika nini?" Jerneja aliuliza.

"Kupe." Hakuinua kichwa. "Katikati ya Mei, mteremko wa kaskazini, chini ya njia ya magogo. Nyuma ya goti la kushoto. Nilimng'oa kwa kucha wakati wa kula, Anže alikuwa ananitazama, nikamwambia akimwandika huyu nitamletea pete." Aliandika mstari mwingine. "Na hao bibi harusi niliwachora mimi. Hilo nalo."

"Utapoteza kazi," bibi Zofka alisema.

"Nitaipoteza, mama."

Akatia saini upande huo, akaikunja.

*

Mlakar hakugomba. Aliisoma mara mbili, akasema, "Hii siwezi kuifanyia kitu, Tadej," na Jumatatu akatuma ujumbe kwamba vifaa virudishwe. Tadej alivirudisha mwenyewe: kofia ngumu, suruali nzito ya kuzuia msumeno, viatu. Suruali bibi Zofka alikuwa ameifua na kuipiga pasi, ikawa na mikunjo kama ya mchungaji kanisani. Kijana wa stoo aliinyoosha juu kwenye mwanga atafute matundu, mbele ya wenzake waliosimama na kahawa zao. Hakupata tundu. Akamwambia asaini kwamba amerudisha.

Anže ndiye pekee aliyetoka naye hadi kwenye gari. "Niliona ulipomng'oa," alisema. "Wakiniuliza, nitasema."

"Hawatakuuliza."

"Nitasema hata wasiponiuliza."

*

Simu ililia wiki ya saba, siku ya Jumatano. Jerneja alikuwa na ndoo ya maganda mkononi.

"Unakuja lini Ljubljana?" Mira aliuliza.

"Kesho. Tadej ana miadi ya daktari. Kwa nini? Mira? Kwa nini?"

"Basi ukija, shuka hadi orofa ya chini. Sipendi kusema mambo haya kwenye simu, watu huangusha vitu."

Jerneja aliiweka ndoo chini kwanza. "Sema."

"Jana asubuhi niliona kitu. Daktari Furlan ametazama, na daktari mwingine ametazama. Ameota, mama."

Walikwenda wote wanne, kwa sababu bibi Zofka alikataa kubaki. Alivaa koti la kanisani mwezi Agosti na kulifunga vifungo vyote. Njia nzima alishika mkoba mapajani kwa mikono miwili, na alipozungumza ilikuwa kuuliza jambo moja tu, kama daktari atamkemea. Jerneja akamwambia hapana. "Akinikemea, muache," bibi alisema.

Daktari hakumkemea. Alimwambia Tadej kwamba barua itaandikwa leo, yenye jina la mdudu, na kwamba kwa barua hiyo tume ya magonjwa ya kazini italazimika kumsikiliza, yeye na huyo shahidi wake. "Kukusikiliza si kukupa fidia," alisema. "Nisikudanganye. Mnaweza kungoja hadi Krismasi. Lakini hakuna tena wa kukuambia huna kitu."

"Na gundi yangu?" bibi Zofka aliuliza, akiwa amesimama mlangoni. "Haikumuua?"

"Haikumfikia, mama."

"Iliunguza ngozi?"

"Ngozi iliunguza."

Bibi Zofka aliitikia kwa kichwa, mara moja kwa kila jibu.

Orofa ya chini Mira aliwapa makoti meupe, la Lučka likiburuza sakafuni. "Hairuhusiwi, kwa hiyo hamjaja," alisema. Chumba kilikuwa kidogo na giza. Kichupa kilikuwa kwenye kishikizo, waridi yake imegeuka njano, na tone moja lilikuwa tayari chini ya darubini. "Mtaona giza kama usiku. Humo kuna uzi mwembamba mno, umejikunja kama waya wa kizibuo, unang'aa. Msihamishe kitu, tazameni tu."

Tadej alitazama wa kwanza, kwa kuwa mdudu alikuwa wake. Aliinama, akafumba jicho lisilo lenyewe, akabadilisha. "Naona kope zangu," alisema. Alijaribu tena, mabega yakaanza kumuuma kwa kuinama, akajiengua.

Bibi Zofka aliikaribia darubini kama anavyoukaribia mzinga, bila kupumua. "Giza," alisema. "Macho yangu yamekwisha. Mimi naona giza tu, mwanangu."

Jerneja alipoinama, kioo kililowa machozi. Alikipangusa kwa mkono wa koti, kikalowa tena. Wiki saba alikuwa akimwombea mdudu huyu uzima, mdudu aliyemlaza mumewe, na sasa hakuweza hata kumwona. Mira akamshika bega. "Pole pole, mama. Hakimbii." Lakini haikusaidia, ikabidi apishe.

"Na mimi," Lučka alisema.

Tadej alimbeba, akamsimamisha juu ya kiti, akamshika kiuno. Mtoto aliweka jicho. Alitazama muda mrefu hata wakubwa wakaanza kutazamana juu ya kichwa chake, na bibi yake akafungua kifungo cha juu cha koti.

"Baba," Lučka alisema, "anatembea."